Je, Mtu Aweza Kuita Radi?

Masika iliyopita, usiku wa manane, radi iliupiga mnazi mmoja huku kwetu Makorora, mjini Tanga. Mnazi huo ulikuwa nyuma ya nyumba ya jirani yetu, hatua kama ishirini kutoka dirisha langu. Umeme wenyewe sikuuona, maana nilikuwa nimelala. Nilichosikia ni mlio mmoja mkavu, kama ubao mkubwa uliovunjwa ghafula, na mabati ya mtaa mzima yakatetemeka. Asubuhi tuliukuta mnazi umechanika tangu kileleni hata shinani, umefanya mfereji wenye upana wa vidole vitatu. Mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa chini yake walikuwa wamekufa, na juu ya ngozi zao hapakuonekana jeraha lo lote.

Mbuzi hununuliwa wengine. Lakini jua lilikuwa halijafika utosini, na maneno yamekwisha kuanza. Karibu na mnazi ule anakaa bibi mmoja mjane, mtu wa kutembelea mkongojo, ambaye riziki yake ni vitumbua anavyouza kila asubuhi barazani kwake. Majuma mawili kabla ya radi, bibi huyo aligombana na mwenye mbuzi kwa sababu mbuzi waliingia uani mwake wakala mchicha. Basi watu wakaunganisha: mchicha, ugomvi, radi, mbuzi. "Ile si radi ya mvua," alisema mama mmoja bombani, huku ndoo yake ikijaa. "Ile imetumwa." Siku ya pili yake vitumbua vya bibi vilibaki kwenye sinia mpaka saa tano. Siku ya tatu hakupika.

Jioni ya siku hiyo mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuja kukaa nami barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, hivi kweli mtu aweza kuituma radi?"

Nilitaka kumjibu upesi kwamba hawezi, niendelee na kahawa yangu. Lakini nilikumbuka kwamba wako watu duniani ambao kazi yao, kwa mshahara kabisa, imekuwa ni kuiita radi ishuke kutoka mawinguni. Nikamwambia, "Kuituma hawezi. Kuiita, aweza." Kijana akanitazama kana kwamba mimi nami nimejiunga na wale wa bombani.

Haya yafuatayo ndiyo niliyomweleza kwa jioni tatu nne, nami nayaandika hapa kwa ajili ya wengine walio na swali lile lile na hawathubutu kulitamka.

BARAFU JUU YA TANGA

Kwanza ni lazima tujue radi yatoka wapi. Wengi tumefundishwa na wakubwa zetu kwamba mawingu hugongana kama magari, na mlio wa kugongana ndio ngurumo. Sivyo. Hapa chini Tanga twatoka jasho, lakini ukipanda kama kilometa 5 juu ya vichwa vyetu maji huanza kuganda. Kilimanjaro ni shahidi: uko karibu na Ikweta, lakini kilele chake chenye urefu wa mita 5,895 kina barafu. Wingu la radi, lile jeusi linalosimama kama mnara, hupanda kupita hapo, hata kilometa 10 na zaidi. Ndani yake hewa ya moto hukimbilia juu kwa nguvu, ikichukua chembe ndogo sana za barafu. Punje nzito zaidi, ambazo ni ndugu wa mvua ya mawe, huning'inia au hushuka. Zikikutana njiani zikagusana, hupokonyana umeme. Chembe nyepesi huenda juu zikiwa na umeme wa aina moja, uitwao chanya, na punje nzito hubaki katikati na chini zikiwa na umeme wa aina ya pili, uitwao hasi.

Jambo hili si geni. Ndugu zetu wa Dodoma na Singida hulijua wakati wa kipupwe, wanapovua sweta gizani wakasikia cheche ndogo zikialika. Sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu mno, hivyo hatulioni mara nyingi.

Basi umeme ukitengana namna hiyo mpaka ukazidi, hewa iliyo katikati hushindwa kuuzuia, nao hupita. Njia upitapo ni nyembamba, haizidi vidole vichache, lakini hupata moto wa nyuzi kama 30,000, yaani mara tano ya uso wa jua. Hewa hutanuka mara moja kama baruti, na mshindo huo ndio ngurumo.

Radi nyingi hazifiki chini kamwe. Huanza na kuisha ndani ya wingu. Ile inayoshuka haishuki kama jiwe. Huja kwa vipande, kila kipande mita kama 50, inasimama kidogo, inapapasa, inaendelea. Ikikaribia ardhi, kila kitu kirefu kilicho chini, kama vile mnazi, mnara wa msikiti, msalaba wa kanisa, mlingoti wa jahazi au mtu aliye peke yake uwanjani, hutoa cheche yake ya kwenda juu kuipokea. Cheche itakayokutana nayo kwanza ndiyo ifunguayo njia. Mnazi wa jirani yetu ulikuwa mrefu kuliko vyote vilivyouzunguka, nao ulikuwa umelowa maji. Mchicha haukuingia katika hesabu hiyo.

WALIOTANGULIA

Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alikuwa amekwisha kuwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba radi si kitu kingine ila umeme, na kwamba fimbo ndefu ya chuma yaweza kulithibitisha jambo hilo. Wafaransa walijaribu kwanza: tarehe 10 Mei 1752, katika kijiji cha Marly-la-Ville, walipata cheche kutoka katika fimbo ya chuma iliyosimamishwa chini ya wingu la mvua. Franklin mwenyewe husimuliwa kwa habari ya tiara aliyoirusha mwaka ule ule. Watoto wetu wanaorusha tiara kiwanjani na wasimuige: mwaka 1753 mtaalamu Georg Wilhelm Richmann alikuwa nyumbani kwake huko St. Petersburg, Urusi, akipima umeme uliokuja kwa fimbo iliyotoka juu ya paa, naye akapigwa akafa papo hapo. Mchoraji aliyekuwa karibu naye alinusurika.

Baada ya hapo watu wa elimu walijifunza kukaa mbali. Lakini ukikaa mbali huoni vizuri. Radi haitoi ahadi. Mtu aweza kusimamisha mitambo yake mahali pamoja akangoja miaka, nayo ikapiga mti ulio umbali wa kilometa moja huku mitambo ikimtazama tu. Ndipo likazaliwa wazo lile nililomwambia mpwa wangu: kama radi haiji penye mitambo, basi iitwe penye mitambo.

Mmarekani mmoja jina lake Newman alifanya hivyo katika miaka ya 1960, akirusha roketi kutoka melini karibu na pwani ya Florida. Mwaka 1973 Wafaransa waliweza kufanya hivyo katika nchi kavu, mahali paitwapo Saint-Privat-d'Allier. Wajapani wakafuata, na Wachina, na Wabrazili. Na tangu miaka ya 1990, kwa muda mrefu, mahali palipojulikana kuliko pote kwa kazi hii palikuwa Camp Blanding, kambi ya askari huko Florida, ambapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, wakiongozwa na Martin Uman na Vladimir Rakov, waliiita radi mwaka baada ya mwaka.

JINSI IITWAVYO

Roketi yenyewe si kubwa. Ina urefu wa mita moja hivi. Mkiani mwake umefungwa waya wa shaba uliosokotwa katika kigurudumu, mwembamba kama uzi wa kushonea, uliotiwa nguvu kwa nyuzi ngumu usikatike. Ncha ya pili ya waya imefungwa ardhini. Wataalamu hukaa ndani ya chumba cha chuma wakitazama kipimo kinachoonyesha nguvu ya umeme hewani. Siku ya jua kipimo husoma kama volti 100 kwa kila mita. Chini ya wingu la radi husoma elfu kadhaa. Ikifika elfu tano au zaidi, na wingu likionekana liko tayari, roketi hufyatuliwa.

Hupanda mita 150 au zaidi kwa kila sekunde, na waya unafunguka nyuma yake. Ikifika juu mita 200 au 300, ghafula ardhi imekuwa na mnazi mrefu kupita minazi yote ya pwani hii, tena mnazi wa shaba. Kutoka nchani mwa roketi cheche hupanda kulielekea wingu. Umeme huanza kutiririka, waya unaungua na kugeuka moshi, lakini njia ya moto iliyokwisha kuchorwa hewani hubaki. Umeme ule wa kwanza huendelea kwa sehemu ya sekunde. Kisha kuna kimya kidogo sana, na baada yake radi hasa hushuka kwa njia ile ile, mara moja au mara kadhaa, nguvu yake ikiwa ampea kama 10,000 hadi 15,000. Hupiga pale pale roketi ilipotoka, juu ya mitambo iliyokuwa ikiingoja. Habari za vipimo hupita katika nyuzi nyembamba za kioo, kama zile za mkongo wa mawasiliano, kwa kuwa zingepita katika shaba radi nayo ingezifuata mpaka kwa wenyewe.

Hapo mpwa wangu alinikatiza. "Kwa hiyo, mjomba, huwezi kuiita kama hakuna wingu?"

Huwezi. Na hilo ndilo jambo la kushika. Mwenye kuiita radi haiumbi. Yaani wingu ni lazima liwe limekwisha kufika juu ya kichwa chake, limekwisha kujaa, na karibu litapiga lenyewe. Hata hivyo si kila roketi hufanikiwa; nyingine hupanda na kuanguka bure. Tena jambo la pili, kubwa zaidi: haendi kumpiga jirani. Radi iliyoitwa hushuka kwa aliyeiita, pale waya ulipofungwa. Ndiyo sababu wale mabwana wa Florida hukaa ndani ya chuma. Kama bibi yetu angekuwa na ujuzi huo, wa kwanza kuungua angekuwa yeye na karai lake la vitumbua.

Jambo hili limewahi kutokea hata bila mtu kukusudia. Tarehe 14 Novemba 1969 Wamarekani walirusha chombo cha Apollo 12 kwenda mwezini huku mawingu ya mvua yakiwa juu. Hakukuwa na waya, lakini roketi ndefu pamoja na mkia wake wa moto ilifanya kazi ya waya. Sekunde 36 baada ya kuondoka radi ikapita, na kwenye sekunde ya 52 ikapita tena. Taa za hatari zikawaka, vyombo vikazimika, lakini wale watu watatu walifika mwezini na kurudi salama. Mwaka 1987 roketi nyingine isiyo na watu, iliyorushwa kutoka Florida, haikuwa na bahati hiyo; radi iliivuruga ikapotea njia na kuharibiwa.

WALIYOYAONA

Labda msomaji auliza, faida gani? Nitaje yale yaliyonishangaza mimi.

Walichimba ardhi mahali radi ilipopiga, wakakuta mchanga umeyeyuka na kuwa kioo, umefanya bomba lenye matawi kama mzizi wa muhogo. Moja waliyoitoa Camp Blanding ilikuwa na urefu wa mita 5 hivi. Maana yake ni kwamba radi haiishi inapogusa ardhi. Huendelea kutafuta njia chini, na mchanga mkavu huipa taabu, hivyo hutambaa pembeni. Picha zimeonyesha cheche zikitambaa juu ya ardhi mita kadhaa kutoka penye pigo. Sasa twajua mbuzi wa jirani yetu walikufa kwa nini bila jeraha. Umeme ulipotawanyika ardhini kutoka shina la mnazi, mguu wa mbele na mguu wa nyuma vilikuwa mahali penye nguvu mbili tofauti, nao ukapanda mguu mmoja, ukapita moyoni, ukashuka kwa mwingine. Wanyama wa miguu minne hufa hivyo mara nyingi kuliko sisi, kwa kuwa miguu yao imeachana zaidi.

Jambo jingine hakuna aliyelitarajia. Mwaka 2002, wakiwa na vyombo vyao karibu na radi walizoziita, wataalamu waliona kwamba radi inaposhuka hutoa miali ya eksirei, ile ile ya hospitali. Joseph Dwyer na wenzake walitangaza habari hiyo mwaka 2003. Nani angefikiri? Na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana jinsi radi inavyoanza ndani ya wingu, maana nguvu ya umeme wanayoipima humo huwa kama sehemu moja ya kumi tu ya ile inayotakiwa ili hewa ipasuke.

Lakini walitazama pia mambo ya nyumbani. Waliielekeza radi kwenye nyaya za umeme za majaribio, kwenye taa za kiwanja cha ndege, hata kwenye nyumba waliyoijenga kwa kusudi hilo, ili wajue umeme ukiingia hupita wapi na kinga ipi hufaa. Ni haki kusema kwamba radi iliyoitwa si sawa kabisa na ile inayokuja yenyewe. Pigo la kwanza la radi ya asili, ambalo kwa kawaida ndilo kali kuliko yote, hufikia kama ampea 30,000, na katika radi ya roketi pigo hilo halimo. Mapigo yanayofuata ndiyo yanayofanana.

Siku hizi ziko njia nyingine za kuiita. Mwaka 2021, juu ya mlima Säntis huko Uswisi, waliwasha miali mikali ya leza kando ya mnara wa mita 124, na radi ikaifuata miali hiyo kwa kadiri ya mita 50. Mwishoni mwa mwaka 2024 Wajapani walitumia droni iliyofungwa waya na kuvikwa kizimba cha chuma; ilipigwa, ikaendelea kuruka.

KWETU HAKUHITAJI ROKETI

Roketi za kwenda mawinguni si kitu kigeni Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, walirusha roketi za baruti kuvunja mvua ya mawe iliyokuwa ikiyachana majani ya chai. Hizo hazikuwa na waya, na shabaha yake haikuwa radi. Kusema kweli, kuiita radi katika nchi zetu ni sawa na kumwita mgeni ambaye amekwisha kuingia sebuleni. Setilaiti zilizohesabu umeme wa dunia nzima zimeonyesha kwamba baada ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela, mahali penye umeme mwingi kuliko pote duniani ni Kabare, karibu na Bukavu, mashariki ya Kongo: zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Ziwa Victoria nalo hupigwa sana, hasa usiku, wakati pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji ya moto, na wavuvi wako huko na ngalawa zao.

Wala si wavuvi tu. Tarehe 28 Juni 2011, shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao darasani. Oktoba 2018 wanafunzi 6 walikufa katika shule moja huko Geita, nchini kwetu. Machi mwaka huo huo watu 16 walikufa kanisani huko Nyaruguru, Rwanda. Na Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, watu 14 waliokusanyika kusali chini ya kibanda cha mabati walikufa kwa pigo moja.

Msomaji ataona kwamba hawa hawakuwa porini wala chini ya mti. Walikuwa ndani, mahali ambapo kila mtu angewaambia wakimbilie. Hapo ndipo penye jambo kwetu. Katika nchi za matajiri nyumba ina mabomba ya chuma na nyaya nyingi kutani, na radi ikilipiga paa hushuka kwa hayo mpaka ardhini, ikiwapita watu. Darasa letu lina mabati juu, na chini yake ukuta wa tofali au udongo, na katikati watoto. Mabati hayaiiti radi, hilo ni kosa la watu wengi. Lakini ikiyapiga na yasiwe na njia ya kwenda ardhini, umeme huruka kutoka bati hadi kichwa kilicho karibu. Mtoto asiye na viatu, aliyekaa juu ya sakafu ya udongo ulioloa, ndiye njia yake.

Dawa yake si siri wala si uganga. Ni fimbo za chuma juu ya paa, nyaya nene kutoka paa kushuka kila pembe ya nyumba, na chini yake vyuma au waya wa shaba uliofukiwa ardhini ukiizunguka. Huko Kampala kuna chama kiitwacho ACLENet, kilichoanzishwa na wataalamu wa Uganda pamoja na wenzao wa nje, ambacho kimekuwa kikizifunga shule kinga za namna hiyo, na shule ile ya Runyanya ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Nilipomtajia fundi umeme mmoja wa hapa habari hizi, alicheka. "Mzee, kufunga nitafunga," alisema, "lakini shaba haikai mtaani. Wiki ya pili utaikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu." Ana haki. Kwa sababu hiyo wengine hutumia chuma kilichotiwa zinki, kisichowatia watu tamaa.

Mpaka kinga hizo zifungwe, kuna yale ambayo kila mtu aweza kuyafanya bila senti moja. Ngurumo ikisikika, radi imekwisha kuwa karibu ya kutosha kukupiga, hata kama mvua haijaanza. Hesabu tangu uone umeme mpaka usikie mlio: kila sekunde tatu ni kilometa moja. Ukitoka Raskazone kuogelea, ondoka majini. Usisimame chini ya mnazi wala mwembe. Basi la abiria au gari lenye paa la chuma ni mahali pazuri sana, pazuri kuliko nyumba nyingi zetu, maana umeme hupita juu ya bodi na kwenda ardhini. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Na aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mshike bila hofu, na kama hapumui mpulizie pumzi na kumkandamiza kifua upesi. Wengi hufa kwa sababu waliosimama pembeni waliogopa kumgusa. Kuhusu kufunika vioo kwa shuka na kuvua nguo nyekundu, mambo ambayo mama yangu aliyafanya maisha yake yote, sina ubaya nayo, ila hayajasaidia mtu.

Mpwa wangu hakuridhika kuniambia mimi tu. Alikwenda kwa bibi na kumweleza yote, roketi, waya, Florida, na mengine. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Na hiyo roketi yauzwa shilingi ngapi, mjukuu wangu?" Kijana akasema hajui, lakini ni ghali. "Basi mimi ningekuwa na fedha hizo," alisema bibi, "ningekaa hapa na moshi huu?" Maneno hayo yalifika bombani kabla ya jua kuchwa, nayo yalifanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Juma lililofuata mwenye mbuzi alimtuma mwanawe kununua vitumbua vya shilingi elfu moja.

Mnazi haukupona. Mnazi una shaha moja tu, hapo kileleni, nayo ikiungua hakuna chipukizi jingine. Makuti yalikauka moja moja, na Agosti ukakatwa. Vipande viwili vya gogo viko barazani kwa bibi, wateja huvikalia asubuhi wakingoja karai lipate moto. Mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani, baada ya kuulizwa na wazazi, ameandika barua kwa wanaohusika kuomba kinga ya radi kwa madarasa yake manne ya mabati. Vuli yakaribia, na jibu bado halijafika.